Siku Nilipomtaja Muuaji wa Pantoni

Aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, na hata leo nikipita Mirongo nikaona mtu ananitazama huku anabana kicheko, najua amekumbuka, basi nakaza mwendo kama niliyeacha maharage jikoni. Bora niisimulie mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa ya kutosha.

Mimi Masanja ni fundi baiskeli, shule niliishia darasa la nne (na la nne lenyewe nusu, ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu). Rafiki yangu alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo aliyeletwa Mwanza na kazi ya reli akasahau kurudi kwao, na kwa kuwa yeye Mzaramo na mimi Msukuma tulikuwa watani, asubuhi tunatukanana, mchana tunakula sahani moja. Huyu Kondo alikuwa anaandika vijitabu vya upelelezi. Mpelelezi wake alimpa jina la kwetu, Sajini Mabula, kusudi anichokoze, akamfanya mnene, mpenda michembe (viazi vitamu vya kukausha), anayefukuza wezi kwa baiskeli. Mambo ya baiskeli aliniuliza mimi. Mnyororo ukikatika kitabuni, ujue ulikatika kwanza kibandani kwangu.

Alipofariki aliacha daftari moja halijaisha. Tajiri wa mabondo ya samaki ameuawa ndani ya pantoni, katikati ya Kigongo na Busisi (enzi zile kabla ya daraja), na muuaji yumo humohumo, maana hakuna aliyeruka majini. Sajini Mabula anawatazama abiria wote, anasema, "Nimeshamjua." Basi. Baada ya hapo kurasa nyeupe.

Binti yake, Zuhura, akasema Sajini hatazikwa pamoja na baba. Akamtafuta Mwalimu Respicius, Mhaya anayefundisha kule Pasiansi, ndiye awe mwandishi mpya wa Mabula. Nisiwe mwongo, roho iliniuma. Nikawa nasema pale kibandani, huyu mwalimu hata kuziba pancha hajui, atamwendeshaje Mabula?

Nikiwa na kinyongo hicho hicho, Zuhura akaja.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hivi baba hakukwambia muuaji ni nani? Mwalimu amekwama. Anasema hawezi kubuni wake wakati mwenyewe alikuwa na wake."

Ningesema sijui, yangeishia pale pale. Lakini nikafuta grisi mikononi, polepole, kama mtu mkubwa, nikasema, "Aliniambia. Nitamtaja siku ya arobaini, mbele ya watu."

Loo! Zuhura akatangaza. Siku ya arobaini wasomaji wakatoka mpaka Sengerema, mmoja akatoka Geita na vijitabu vyote kwenye mfuko wa rambo. Mimi nilishajipanga kubuni, nikamchagua makanika wa pantoni (mafundi tuna ubaya wetu, nikaona atafaa). Daftari lenyewe sikuwa nimelisoma hata ukurasa mmoja, maana mimi kusoma ni safari, na niliona aibu kuliomba.

Dua ikaisha, pilau ikaliwa, nikapewa uwanja wangu wa utani kama desturi. Nikavaa kofia ya marehemu na miwani yake, nikakohoa kama yeye, nikamwiga anavyopuliza chai mpaka inapoa halafu analalamika imepoa. Watu hoi. Ndipo Mwalimu Respicius akasimama, daftari mkononi, kwa adabu zote.

"Mzee wangu, sasa tutajie."

"Ni makanika!" nikasema, na kidole nikakiinua.

Mwalimu akafunua kurasa. "Mzee wangu, makanika alikufa ukurasa wa kumi na tisa, kabla ya safari hiyo. Sajini Mabula ndiye aliyeshika jeneza."

Watu wakaangua kicheko. Jasho likaanza kunitoka chini ya ile kofia. "Eh, nilikuwa nawapima. Ni nahodha."

"Nahodha siku hiyo alikuwa anaumwa, yuko kwao Sengerema. Alikuwepo msaidizi wake."

"Huyo msaidizi basi!"

"Alikuwa ameshika usukani muda wote, mzee, abiria wote wanamwona."

Mtu wa Geita alishalala chini, anapiga nyasi kwa kiganja. "Mtani huyu! Atamkamata mpaka Sajini mwenyewe!"

Nikaona yaishe. Nikavua miwani, nikasema ukweli. "Jamani, sijui. Aliniambia kweli, akiwa kitandani, mchana mzima, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa na redio sikioni, kuna mpira. Nikawa naitikia tu, ehe, ehe."

Basi hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo. Wakapiga makofi! Mtani akilia msibani nani atamwamini? Kadiri nilivyosema, "Jamani, si utani," ndivyo walivyozidi kujishika mbavu.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja, Mama Zuhura, mjane wa Kondo. Alinisogelea, akanivua ile kofia kichwani taratibu, akaikunja.

"Shemeji," akasema, "ile jioni ulipoondoka alilala vizuri. Aliniambia, 'Nimemwachia Masanja yote, hata nikifa haipotei.'"

Nilienda kukaa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, wakaniita tena uwanjani, nikakataa, wakacheka na hilo pia.

Mwalimu alimalizia kwa kichwa chake. Muuaji akawa mpishi wa chai wa pantoni, kitabu kikatoka, watu wamekipenda, na sasa anaandika kingine. Nilisomewa chote. Baiskeli imekosewa sehemu mbili, nikamwita Mwalimu nikamwonyesha, na tangu hapo anakuja kuniuliza.

Ila yule mpishi hanitoki. Amefungwa maisha, na mimi sijui kama ndiye. Huenda wa Kondo alikuwa mwingine, na huyo mwingine ameshuka zake Busisi na mzigo wake, anatembea, na aliyeweza kumkamata ni mimi peke yangu. Nimeapa sitamwitikia tena mtu "ehe" kwa jambo ambalo sijalisikia. Watu wananiona siku hizi nimekuwa kiziwi, kila kitu nauliza, "Umesemaje? Hebu rudia." Waache waone hivyo.