Betri Iliyopata Hamsini na Nane

Wiki iliyopita, karibu na soko la Rumonge, nilimkuta mwalimu mmoja mstaafu akikagua gari la umeme lililotumika. Foleni za esansi kwenye vituo vya mafuta zilikuwa zimemchosha, naye alitaka gari la kumpeleka mumewe hospitali Bujumbura na kumrudisha siku hiyohiyo.

"Betri iko mupya, Mama Mwalimu," muuzaji alisema, akipigapiga boneti.

Mama akatoa mkobani adapta ndogo kama kiberiti, akaichomeka chini ya usukani, akafungua programu kwenye simu yake. Sote tukainama kutazama. Afya ya betri: asilimia hamsini na nane.

Muuzaji hakutetereka. "Hata kwenye masomo yako, mutoto wa hamsini na nane anapita."

"Anapita," mama akajibu, akivua miwani. "Lakini simutumi Bujumbura. Atafika, hatarudi."

Tulicheka. Muuzaji alishika kiuno, kisha akasema polepole, "Na mimi walioniuzia waliniambia iko mupya." Akaonyesha gari la pili, analoendesha mwenyewe. "Mama, jaribu na ile."

Simu ikasoma arobaini na moja.

"Kumbe ndiyo maana ilizimika njiani pale Minago," akasema. "Na nilimufukuza fundi wangu, nikisema ameiharibu."

Nami nilikuwa nimeshamhesabu kuwa mwongo, kumbe amedanganywa mara mbili.

Mama akachomoa adapta, akaondoka bila gari. Muuzaji alikuwa ameshaweka simu sikioni.

"Amahoro, fundi. Uko na kazi siku hizi?"