Maneno Niliyofundisha Kukata

Mimi masomo niliachia mwaka wa tatu wa primeri. Nasema bila haya. Kamera yangu ya kwanza niliipata kwa kuuza ng'ombe mbili za baba, na ordinateri, yaani kompyuta, nilijifunza peke yangu, kwa kubonyeza kila kitu mpaka nikajua kipi kinaharibu. Halafu watu wenye diploma wakaanza kuja kwangu hapa Bunia kujifunza montaji ya video, kukata na kuunga picha. Wao kwenye benchi, mimi kwenye kiti. Nilipenda ile sana, sitaficha.

Chumba kilikuwa kidogo: ordinateri tatu, wanafunzi watano, na grupe ya kura, jenereta yetu ya umeme, ikipiga kelele chini ya dirisha. Programu ilikuwa ya Kifaransa, na mimi Kifaransa nakisoma kwa kushika ukuta, kama kipofu. Basi nilifundisha kwa macho. Picha ziko kwenye mustari wa juu, sauti iko kwenye mustari wa chini. Mutu akisema kwa nguvu, sauti inachora vilima. Akikohoa, inachora mulima murefu wenye ncha.

"Mukiona mulima na mulima, na katikati ni chini-chini, pale hakuna kitu," niliwaambia. "Ni muzee anatafuta pumzi. Wekeni makasi huku, wekeni kule, tosheni yote, mutupe."

Mashine hazikuwa na sauti; kaske ya kusikilizia, ya kuvaa masikioni, ilikuwa moja, yangu. Sikumuazima mutu. Niliwaambia wataivunja.

Kati yao alikuwako mama mumoja, mwenye miaka kama thelathini. Yeye na bwana yake walitoka Butembo, wakafungua duka la mabati na misumari kwenye barabara kubwa. Huyu mama alikuwa na mikono myepesi kuliko wote. Nilimupa kazi za kweli, za wateja.

Ile ilikuwa wakati wa amani, lakini amani ya kusikiliza-sikiliza. Bunduki zingine zilirudishwa, zingine hakuna aliyejua ziko wapi. Neno likisemwa asubuhi sokoni, jioni limefika kijiji cha Boga na mukia mwingine. Watu waliotoka Kivu, upande wa Butembo, na biashara zao, kuna wenyeji waliowaangalia vibaya, na wao walijua. Kila asubuhi walifungua mulango wa duka nusu kwanza, wakachungulia.

Nilikwenda Boga kupiga filimu ya kuondoa matanga. Muzee wa familia, mufugaji anayeheshimiwa, alisimama kusema. Huyu muzee alikuwa na kifua kibaya. Na kwetu, muzee akitaka kukataza neno baya, analisema kwanza kwa sauti kubwa, kama yule mubaya mwenyewe, watu washituke. Kisha anashusha sauti na kusema lake. Hivyo alisema. Nilikuwa pale na kamera begani, nilimusikia.

Filimu nilimupa yule mama aikate. Aliimaliza juma lile lile. Familia ilikuwa na watu wao hapa mujini, katika mutaa wa Shari. Walituma mutu kuichukua ili waionyeshe kwa wakwe siku ya Mungu, misa ikiisha. Mimi nikaitoa bila kuiangalia. Niliona aibu kukagua kazi ambayo nilifundisha mwenyewe.

Siku ya Mungu, nilivaa kaske yangu nikafungua ile filimu kwenye mashine, basi tu, kupitisha saa. Nikafika kwenye hotuba. Muzee akasimama, akanyoosha mukono, na nikasikia:

"Hawa watu wa maduka, tuwafukuze! Tuchome mabati yao!"

Kisha watu wa matanga wakaanza kuimba.

Nilirudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Nikafungua kaseti ya kwanza, ile isiyokatwa. Muzee anasema polepole, "Kuna watu wanasema," katikati ya kikohozi na kikohozi. Halafu ile ya nguvu. Halafu anakohoa, anashusha sauti: "Mimi nasema hapana. Nani atawagusa, atanigusa mimi." Anakohoa tena. Mulima na mulima. Chini-chini katikati. Mama alikata sawasawa vile nilimufundisha.

Niliona vitu viwili kwa mara moja. Neno lile likitoka kwenye simu za vijana, duka la kwanza litawaka kesho. Na wakiuliza nani alilikata, wakisikia ni mwanamuke wa Butembo, watasema alifanya makusudi, ili kumuharibia muzee jina. Nani atanisikiliza nikianza kueleza mambo ya vilima?

Niliweka kamera na kaseti ndani ya mufuko, nikapanda moto, pikipiki ya kubeba watu. Nilimulipa dereva mbele, bila kuuliza bei, mpaka akaniuliza, "Muzee, uko na malaria?"

"Enda," nilimuambia.

Katika Shari, hema ilikuwa imesimamishwa ndani ya parseli, uwanja wa nyumba yao, televizio juu ya meza, watu na sahani zao, na muzee mwenyewe aliyekuja toka Boga. Hawakuwa wameanza. Nilivuta pumzi, na kumbe niliivuta bure. Mupwa wa muzee, kijana mwenye koti ya kijani ya kijeshi isiyo na alama, alikuja mbele yangu na simu.

"Papa kamera, karibu. Siye tuliiangalia asubuhi, watu watatu. Niko nayo hapa. Muyomba, kuja usikilize vile ulisema vizuri."

Akabonyeza. Sauti ya muzee ikatoka katika ile simu, kubwa, kavu. Vijiko vilisimama. Upande wa wakwe, mama mumoja akavuta watoto wake karibu.

Muzee aliangalia simu kama nyoka. "Ile si maneno yangu."

"Sauti ni yako, Muyomba."

"Ni yangu. Maneno si yangu."

Yule kijana akanigeukia. Alikuwa anacheka kidogo, na kile kicheko kiliniogopesha kuliko hasira. "Kwako kuna yule mama wa mabati, si ndiyo? Anafanyaka kazi kwenye mashine zako. Ni yeye alikata?"

Nilikuwa na miaka ishirini katika ile kazi. Sikuwahi hata siku moja kuambia muteja kwamba nilikosea. Picha ikiharibika, ni kura ilikatika. Sauti ikipotea, ni kaseti.

"Ni mimi," nilisema.

"Weye?"

"Mimi. Nilikata bila kusikiliza. Sikuweka kaske. Nilifikiri ni kikohozi."

Mutu mumoja nyuma akapiga kelele, "Kumbe huyu hajuagi kazi! Na alipiga filimu ya ndoa yangu!" Wengine wakacheka. Niliacha wacheke. Nilifunga waya wa kamera kwenye televizio, mara mbili niliweka kwenye tundu lisilo lake. Kisha muzee akatokea kwenye kioo, muzima, na kikohozi chake chote, na yale maneno ya polepole. Wakwe wakaanza kupiga mikono, taratibu.

Muzee akamunyooshea mupwa wake kidole. "Futa. Mbele ya macho yangu."

Kijana akafuta. "Na wale wawili wa asubuhi?" muzee akauliza.

"Nitawaambia."

Hakuniangalia akisema ile. Nilipotoka, alinifuata mpaka kwenye mulango. "Papa kamera," alisema polepole, "unamufunika."

Nilitembea kwa miguu, kwa vichochoro, mpaka nyumbani. Sikutaka mutu anifuate juu ya moto.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa tayari nimesimama mbele ya duka la mabati. Nusu ya mulango ilifunguka. Mama akatoa kichwa, akashangaa kuniona, akaniingiza. Nilimueleza yote, kati ya misumari. Alikaa chini juu ya mufuko wa sima ya kujengea.

"Walitaja jina langu?"

"Jina hapana. Waliuliza kama ni mama wa mabati. Nilisema ni mimi."

Nilingoja anishukuru, sitadanganya.

"Lakini ni weye, mwalimu," akasema. "Ni weye ulisema katikati hakuna kitu."

Nilitaka kumukatalia, kama vile nilizoea. Inje, moto moja ilipunguza mwendo mbele ya duka. Wote wawili tukasikiliza kama itasimama.

Ilipita.

"Ni mimi," nilimuambia.