Gogo la Shingoni na Mkanda wa Umeme

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu Alinda, na nitakusimulia kabla hujakibonyeza tena hicho kidude chako. Kiweke hapo juu ya kabati. Mbwa wako haendi popote, na chai bado ni ya moto.

Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu katika boma la baba yako kule Kyerwa. Nilitoka kwetu, kijiji kiitwacho Ndama, kwa watu wa migomba na kahawa, nikaja kwa wafugaji ambao kwao hujuliwa hali ng'ombe kwanza, watu baadaye. Baba yangu alinipa mbwa wa kuja naye, mweusi wa miguu mirefu, jina lake Bagambaki, yaani "wanasemaje?" Alimpa jina hilo kuwachokoza majirani wenye maneno mengi. Basi siku hiyo Bagambaki aliwaona ndama wakirukaruka, akawatimua mpaka mmoja akatumbukia korongoni na kutoka akichechemea. Alikuwa ndama wa Bihogo, ng'ombe aliyependwa na bibi yako kuliko wote.

Usicheke. Mbwa hakuwa na roho mbaya, alikuwa hajapata kuona ndama maishani mwake. Lakini nani angenisikiliza? Mbwa wangu, aibu yangu. Na kwa wafugaji, mbwa anayekimbiza ndama hafugwi.

Baba yako mdogo Rwegasira, aliyesimamia malisho, alikuja na mkuki, kisha akanionea huruma. Akauweka mkuki, akaleta gogo, akalifunga kwa kamba shingoni mwa mbwa likaning'inia usawa wa magoti. Mbwa akitembea, linamgusa tu. Akikimbia, linampiga miguuni. "Shemeji," akaniambia, "mchelea mwana kulia hulia yeye. Afadhali aumie magoti abaki hai." Nilimshukuru kwa moyo wote.

Asubuhi yake nilitoka na makombo, nikamwita Bagambaki. Akaja mbio kama alivyozoea, gogo likampiga. Akalia, akasimama. Nikamwita tena, akaja tena, likampiga tena. Nilipomwita mara nyingine alilala chini akanitazama tu. Mama mkwe wangu, bibi yako, alikuwa amekaa karibu na zizi la ndama akisafisha kibuyu cha maziwa, na yote aliyaona.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "umemwita, akaja, akapigwa. Kesho ukimwita, atakuja kwa nani?"

Mimi yule mama nilimwogopa, maana mashoga zangu walikuwa wamenijaza hadithi za wakwe. Lakini nakwambia leo, sijapata kuona mtu kama yule. Ndama alikuwa wake, hasara ilikuwa yake, haki ya kukasirika ilikuwa yake, na bado ndiye aliyeinama akalifungua gogo. Rwegasira akaja juu.

"Mama, na akirudia?"

"Akirudia, mkuki nitakuletea mimi mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa kuwa mama mkwe hakuwa mtu wa kula maneno yake. Kisha akanigeukia mimi. "Mgeni hutambulishwa kwa wenyeji. Wewe tulikuingiza ndani, tukakutajia ndugu wote kwa majina. Huyu mlimtambulisha kwa nani?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alimfunga Bagambaki kamba ya mgomba, akakaa naye karibu na ndama. Mbwa akivuta, mama anasimama kimya kama kisiki, hasemi wala hapigi. Mbwa akichoka kuvuta, akageuza uso kumtazama, hapohapo anapata kipande cha ekitoke, zile ndizi zetu za kupika, kimepakwa samli. Basi, somo ndilo hilo. Siku za mwanzo kamba ilimchubua mama mkono mpaka nikamwonea haya. Mvua iliwanyeshea wote wawili na hakuondoka. Nilipomwomba apumzike, nimshikie kamba walau siku moja, alinipa kamba na akakaa pembeni yangu, akinifundisha kunyamaza. Kunyamaza ni kazi, mwanangu! Mimi mdomo wangu unaujua.

Rwegasira akipita na ng'ombe alikuwa hajiwezi kwa kicheko. "Mama anamfundisha mbwa katekisimu! Ubatizo lini?"

"Wewe ulirudia darasa lile mara ngapi?" mama akamjibu, na boma zima likaangua kicheko, Rwegasira mwenyewe akiwemo.

Mvua zilipokatika, mama akasema leo kamba inafunguliwa. Kwanza alikwenda ndani akauleta mkuki, akauegemeza kwenye ua mbele ya Rwegasira, kwa sababu alikuwa ameahidi. Ndama wakaachiwa, wakatoka mikia juu. Bagambaki akaruka mbele, akasimama, mwili mzima ukimtetemeka. "Mwite wewe," mama akaniambia. Nikamwita kwa jina lake. Yule mbwa aligeuka, akaja kwangu mbio zake zote, na hapakuwa na kitu cha kumpiga njiani. Nililia mbele ya wakwe zangu bila haya. Na unajua? Msimu uliofuata Rwegasira alikuja na mtoto wa mbwa kwapani. "Mama," akasema, "na huyu mwandikishe katekisimu."

Sasa tuje kwako. Mbwa wako amewatimua mbuzi wa jirani yetu Mama Jovitha, na mwenyekiti wa kitongoji amesema akirudia atauawa. Ukaununua huu mkanda, yeye anauvaa shingoni, wewe unakaa barazani na rimoti, ukibonyeza umeme unamfinya. Nasikia pale mjini Omurushaka mnabishana siku nzima. Wapo wanaosema hauumizi, unashtua tu. Wapo wanaosema ni ukatili mtupu. Wapo wanaosema bora ashtuke kuliko kugongwa na basi, na hao nao siwezi kuwacheka. Mimi sikuiti mkatili. Gogo la Rwegasira lilitoka kwenye huruma, na mkanda wako umetoka kwenye mapenzi, nalijua hilo.

Lakini juzi ulipobonyeza, mbwa alikuwa anatazama nini? Ulidhani anatazama mbuzi. Kumbe alikuwa analitazama dumu la njano kichwani mwa Mama Jovitha. Leo mbuzi bado anawataka, na kila mwenye dumu anamngurumia. Umeme umemfundisha kweli, ila somo kalichagua mwenyewe.

Basi hii ndiyo nasaha yangu. Mvue mkanda. Kesho asubuhi twende wote kwa Mama Jovitha tumwombe radhi, kisha tumwombe ruhusa ukae na mbwa wako kando ya mbuzi wake, kamba mkononi, kila asubuhi kabla hujaenda kazini. Utachubuka, utachekwa, lakini mvumilivu hula mbivu. Kwa mwenyekiti nitakwenda mwenyewe, nimwambie mbwa huyu nimemdhamini mimi. Sikudanganyi kwamba upole haushindwi. Akirudia, tutalikubali neno la kitongoji, nami nitalia pamoja nawe. Ila tusiseme ameshindwa kujifunza kabla hatujakaa naye.

Na hili si la mbwa peke yake. Utaoa, utapata watoto, utakuwa na vibarua shambani. Kila utakayemwita, kuja kwako kusiwe ndiko kunakomuumiza. Mtu akija kwako akapigwa, ukimwita tena atalala chini akutazame tu, na hapo hata ukiwa na haki hutakuwa na mtu.

Mungu akujalie subira ya bibi yako, mwanangu. Akupe mkono usiokimbiwa na sauti ya kuitikiwa, wewe na nyumba yako yote. Haya, toka nje, mvue mkanda, urudi nyuma kidogo, umwite kwa jina lake. Asipokuja, usimfuate kumshika. Kaa chini umsubiri.