Asubuhi Bibi Alipozibua Bwawa

Juzi mjukuu wangu alinipakia bodaboda, tukaingia ndani huko nyuma ya Kibiti, nikaone lilipokuwa bwawa la babu yangu. Maji hakuna. Pamelimwa ufuta, umenifika kifuani.

Wewe usingeamini. Babu alikinga kijito kwa tuta la udongo. Kila masika yakikaribia alitupanga wajukuu juu ya tuta, tunakanyaga udongo uliolowa huku tunaimba, bibi anatugawia mihogo ya nazi. Udongo ukikauka miguuni unavuta ngozi. Bwawa lilikuwa mali yake, ila siku ya Idi lilikuwa la watu wote. Walitoka mpaka Ikwiriri kuja kuogelea, perege wanakaangwa, harufu inakufuata njiani.

Mwaka mmoja Idi ikaangukia ndani ya masika. Babu akataka maji yajae, wageni wafurahi. Akaziba kwa magunia ya mchanga ule mfereji wa pembeni wa kupunguzia maji. Mvua haikukatika. Asubuhi, siku moja kabla ya Idi, tuta likawa linavuja upande wa chini, kwenye shamba la jirani yetu mjane, mpunga wake umeshatoa masuke.

Mjane akapiga kelele kutoka huko chini, "Shemeji, mwaka huu samaki unaniletea mpaka jikoni?"

Babu hakucheka. Bibi akamwambia, "Mzee, toa magunia."

"Nikitoa, maji yote yanapita kwenye mpunga wetu. Tutakula nini?"

"Na tuta likipasuka, yule atakula nini? Tuta kalijenga yeye?"

Bibi akajifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akayachana magunia mwenyewe. Maji yakatoka na mchanga, yakafagia mpunga wetu wote, yakauchimba ule mfereji mpaka ukawa korongo. Jua linapanda, bwawa limebaki tope na samaki wanarukaruka.

Wageni walikuja kesho yake na nguo mpya. Babu aliwapokea mmoja mmoja, akawapa mkono wa Idi, akawaambia maji yameondoka. Wakarudi kwao wakavu. Hakujenga tena, na mwaka ule tulikula mihogo tukaichoka.

Vijana wa pale niliwauliza Idi wanaogelea wapi. Wakanishangaa. Hawajui kama paliwahi kuwa na maji. Basi wajue kwangu: bibi yangu ndiye aliyelimaliza lile bwawa, na mjane alivuna mpunga wake.