Sala ya Susu chini ya Mkuyu

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Mawingu tangu asubuhi, manyunyu kidogo saa nane, na ile harufu ya mchanga ulioloa ikapanda kutoka mtoni hadi jikoni. Harufu hiyo hunirudisha kwenye kiangazi kimoja hapa hapa Kivaa, nilipokuwa na miaka tisa. Mto ulikuwa umekauka, tukawa tunachota maji kwa kufukua mchanga chini ya mkuyu mkubwa, pale wazee wa zamani walipokuwa wakitolea sadaka. Pasta wetu akaamua mti ukatwe: kuni zichome matofali ya kanisa, na mambo ya mizimu yaishe. Niseme haki, hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa tukisali juani, na yeye ndiye aliyesimama juani kuliko sote.

Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa mzee wa kanisa na mizimu hakuitaka pia. Lakini alijua mizizi ile ikifa maji yatazama, na sisi tutayafuata na punda hadi mto Tana. Siku ya kukata, watu wa mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, walikuja na mashoka. Kwetu kazi haianzi bila maombi, na maombi hayakatizwi. Pasta akakosea: akampa Susu aombe. Susu akamshukuru Mungu kwa maji ya mkuyu ule, nyumba baada ya nyumba, mtungi baada ya mtungi, hadi ndama wa jirani. Pengine naongeza, sijui. Macho tulipaswa kuyafumba, lakini mimi niliyafumbua, nikaona watu wakisogea kivulini polepole, Pasta akiwa wa kwanza.

“Susu, malizia basi, jua ni kali,” akanong'ona.

“Bado sijafika kwako, Pasta. Ama wewe huchoti?”

Mtu akacheka. Pasta akajizuia, akashindwa. “Amina! Amina, Susu! Wekeni mashoka chini.”

Kanisa tulilijenga kwa matofali ya kukaushwa juani. Haki tena: mvua ya kwanza iliangusha ukuta mmoja, na Pasta akamtazama Susu wiki nzima. Tukaujenga upya kwa mawe.

Leo tuna mfereji uani na simu ya kuuliza kila kitu. Kama tumeongeza akili, sijui; mimi niliishia darasa la saba. Najua tu kwamba mfereji unatoa upepo tangu Jumanne, na binti yangu ameenda kufukua mchanga palepale. Jioni tulikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliopikwa kwa maji hayo. Niliomba kwa ufupi, chakula kisipoe, lakini mkuyu niliutaja.