Mkwe Aliyenyimwa Mrija

Nakumbuka siku ile baba yangu alipompa mchumba wangu kikombe cha plastiki mbele ya ukoo mzima, nami nikatamani ardhi inimeze. Mwanangu, wewe unayejiandaa kuoa, kaa hapa unisikilize, maana kikombe kile nusura kininyime mume.

Kwetu Muyinga, mkwe akija kuposa huketishwa na wazee kwenye mtungi mmoja wa impeke, pombe yetu ya mtama, kila mtu na mrija wake. Kunyimwa mrija, ukapewa kikombe chako peke yako, ni kuambiwa rudi kwenu. Na Salvator wangu alikuwa ametoka mbali, Gitega, amekuja na wazee wake, amevaa koti la kuazima lililombana mabega.

Kisa chenyewe kilikuwa vipimo. Kabla ya posa tulikwenda hospitali wenyewe, tukaomba kupimwa kila kilichowezekana. Ukimwi hatukuwa nao. Lakini Salvator alikutwa na homa ya ini, ile aina ya B, ambayo haikuwa imemuumiza hata siku moja. Alilia, akaniambia niko huru kumwacha. Nikamwambia aache upuuzi. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, jina la ugonjwa halinitishi. Baba tulimweleza ukweli mapema, naye akajibu kwa kikombe.

"Mi siwezi toa mtoto yangu kwa mtu iko na ugonjwa kwa damu," alisema. "Harusi imekufa."

Nilimwona Salvator akiinamisha uso, hasira ikanipanda. Nikasimama, jambo ambalo binti hafanyi siku ya posa, nikasema, "Baba, kesho twende wote hospitali. Muuguzi akisema nimwache, nitamwacha." Shangazi zangu walishika vichwa. Baba alinikazia macho, kisha akakubali, nadhani kwa sababu ukaidi wenyewe nilirithi kwake.

Muuguzi alikuwa mama mpole. "Muzee, hii ugonjwa haipitake kwa mrija wala kwa sahani," alimwambia. "Inapita kwa damu, kwa kulala pamoja, na mama anaweza kuipa mtoto akizaa. Binti yako hana, na chanjo iko. Huyu kijana ndiye aache pombe, juu ya ini yake."

"Hata kidogo?" baba aliuliza, akamtazama Salvator kwa huruma ya kweli.

Basi tukaahirisha harusi mpaka nikamaliza chanjo zangu zote, na Salvator akaanza kufuatiliwa na daktari. Baba naye akapima, akawaburuta kaka zangu wakapime, halafu akawa anahubiri sokoni utadhani chanjo ameivumbua yeye.

Siku ya harusi aliweka mtungi mwingine pembeni, umejaa umutobe, maji ya ndizi matamu yasiyolevya. Akachomeka mirija miwili, akamwita Salvator kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, wakanywa pamoja mchana kutwa. Baba, aliyependa impeke kuliko wazee wote, siku hiyo hakuigusa hata tone. Nililia kwa furaha, wala sikujificha.

Leo tunaishi Gitega. Watoto wetu walichanjwa wangali wachanga, na hakuna hata mmoja mwenye homa hiyo. Salvator hupanda vilima vya Bukirasazi kwa baiskeli, vijana wakisukuma zao kwa miguu. Tulishinda, mwanangu, na ninajivuna waziwazi.

Kwa hiyo mshike mkono mchumba wako, mkapime kabla wazee hawajaketi: Ukimwi, homa ya ini, selimundu, na chochote daktari atakachowashauri. Msipime ili kutafutana makosa. Majibu yakiwa mazito, msikimbiane. Ulizeni kinachowezekana, kisha amueni mkiwa mnajua. Sisi tulijua mapema, ndiyo maana ugonjwa uliishia kwa mtu mmoja.

Mungu akupe nyumba yenye vicheko, na wanao waijue homa ile kwa kusimuliwa tu.