Nitarudi Peke Yangu

Nikisema jambo, nalisema mara mbili. La kwanza ni lenu. La pili ni la chini, midomo inacheza tu, nalo ni langu. "Maji yamechemka," nasema, kisha polepole, "maji yamechemka." Nikiwa na hofu yanakuwa matatu, hata manne. Watoto wenzangu waliniita kasuku, na hilo liliniudhi kuliko matusi yote, maana kasuku hurudia maneno ya watu. Mimi narudia ya kwangu. Neno nililolisema mara moja naliona halijafungwa, na siwezi kukaa nalo hivyo. Neno usonji nililisikia nikiwa mtu mzima, mjini Same, kwa daktari mmoja aliyekuwa na haraka. Nilipokuwa na miaka tisa, huko kwetu milimani, nilikuwa na majina mengine. Msomaji usiwe na wasiwasi: nikiandika sirudii.

Ilikuwa miaka ile ya kukosa kila kitu. Tulifulia majani ya mpapai, sukari tuliisikia kwa majirani walioisikia kwa wengine, na Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko chini, akija nyumbani pale anapopata gari na gari linapopata mafuta. Nyumbani, juu huko Mamba, tulikuwa watatu: Mama, bibi mzaa baba, na mimi. Mvua za mwaka ule zilichelewa, tangawizi ikanyauka shambani. Watu wakiwa kwenye shida kama ile huanza kumtafuta aliyeileta. Macho yakazunguka kijiji kizima, yakanifikia mimi.

Shuleni mambo yalikuwa yameshaharibika. Mwalimu aliniuliza saba mara nane. Nikajibu, "Hamsini na sita," na jibu lilikuwa sahihi, kisha nikalirudia chini chini. Akasikia dhihaka.

"Unaniigiza?"

"Hapana, mwalimu." Halafu, "hapana, mwalimu."

Alinicharaza mpaka fimbo ikapasuka, akanirudisha nyumbani, akasema nisionekane tena pale mpaka nijue kufunga mdomo. Kanisani Mama alinisaidia kuufunga. Kila baada ya "Amina" kiganja chake kilikuja kuniziba, kikinuka kitunguu. Sikumchukia, kwa sababu nilijua anaogopa watu wa viti vya nyuma. Lakini neno la pili likizuiwa linabaki hapa kifuani, linauma. Hata pasipo kiganja, hakuna aliyelisubiri. Mtu akishasikia la kwanza anageuka, anakwenda zake, nami namalizia kwa kuuambia mgongo wake.

Sasa niseme habari ya mwamba. Kila mtoto wa kwetu aliujua. Uko njiani kwenda Gonja, pale mlima unapokatika ghafla na nyika inaonekana chini kabisa. Zamani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi wa ukoo mzima, naye alipelekwa pale. Hakurudi. Wakati wangu mambo hayo yalikuwa yameisha miaka mingi, na kila mtu alikuwa tayari kukuambia kwamba yameisha. Ila walikuambia kwa kunong'ona, na mimi nilijiuliza kwa nini mtu anong'one jambo lililokwisha.

Jumapili moja jioni babu mdogo, ndugu yake marehemu babu, alikuja nyumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba. Nikalirudia kwa chini, naye akaangalia pembeni kama mtu aliyeona nyoka. Mama akanituma jikoni. Kati ya jikoni na chumba cha kukaa kulikuwa na ukuta wa fito na udongo tu, na udongo ulikuwa umedondoka.

"Mtoto huyu anaitikiwa na kitu kilichomo ndani yake," babu mdogo alisema. "Zamani asingefika umri huu. Angepelekwa mwambani, na mvua ingenyesha."

Bibi hakuwa mtu wa maneno. Akiamua, ameamua, na wewe utajua jambo likishafanyika.

"Umemaliza?" akamwuliza shemeji yake. Kisha akasema, "Kesho asubuhi nitakwenda naye mwenyewe. Nitarudi peke yangu."

Mama akaanza kulia. Sikuhitaji kusikia zaidi.

Asubuhi Mama alinivalisha gauni la kanisani. Akanipaka mafuta mpaka vidoleni, mafuta yale tuliyoyafichia Krismasi, wala hakunitazama usoni. Nilikuwa nimewahi kuona maiti ikiandaliwa, nikajua ndivyo ninavyoandaliwa. Bibi alifunga blanketi langu, akatia makande kwenye kopo. Mtu mwenye akili angejiuliza mtoto wa kutupwa anapelekewa blanketi la nini. Nilijiuliza, nikajijibu kwamba ni la kunifunika. Hofu haikosi jibu.

Sikukimbia. Ningekimbilia kwa nani? Nilimfuata Bibi katika kanjia kale, nyuma ya katambuga zake za tairi zilizokuwa zikipiga visigino, nikiahidi. "Bibi, nitafunga mdomo," nikasema, na papo hapo nikasikia midomo yangu inasema tena, nitafunga mdomo. Nikajaribu upya. Ikarudia upya. Kila nilipoahidi kwamba nimepona, nilithibitisha kwamba sijapona, nikalia bila sauti kwa sababu hata kilio niliogopa kitajirudia. Bibi hakugeuka. Alijua kwamba ninalia, na pengine alidhani namlilia Mama.

Tulipofika mwambani, akasimama.

Akatua mzigo. Upepo ulikuwa mkali, ukapandisha khanga yake. Akanigeukia, akanyoosha mkono, akasema, "Njoo."

Nilikumbatia kijiti kilichokuwa kando ya njia, kijiti chembamba kisichoweza kumshikilia hata kuku. Nilijikojolea, gauni la kanisani na yote. "Bibi, usinisukume," nikasema. "Usinisukume, usinisukume, usinisukume." Kila mara sauti ilikuwa inapungua, na mimi nikawaza ikiisha ndiyo basi.

Bibi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, kama mtu aliyekatwa miguu. Alinitazama mpaka midomo yangu ikatulia.

"Nani amekuambia?"

"Babu mdogo. Na wewe ulisema utarudi peke yako." Nikasema na la pili. Akangoja.

"Nakupeleka kwa shangazi yako," akasema. "Pale hospitali ya Gonja anapofanya kazi ya uuguzi. Mwalimu wa shule ya kule ni jirani yake, ameshazungumza naye, hatakupiga. Utakaa huko usome. Mimi nitarudi, mbuzi watalishwa na nani?"

Ningependa kuandika kwamba hofu ilinitoka. Haikutoka. Maelezo yaliingia masikioni, mikono ikaendelea kushika kijiti.

"Mbona tumesimama hapa?"

"Nikipita hapa huwa nasimama."

Akafungua kinywa, akaweka kidole kwenye ufizi wa juu. Ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa amebakiza meno manne tu, yote ya chini.

"Yameng'oka yote," akasema. "Lakini haya ndiyo yaliyotangulia."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, na hofu ikageuka upande, ikamwendea yeye. Nilitaka aondoke kwenye ule ukingo.

Alinieleza kwa maneno machache, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Mama yake aliyaona yale meno mawili ya juu wakati ananyonyesha, asimwambie mtu, hata mume wake. Alimfunga kitambaa kinywani, akasema mtoto ana vidonda. Alimlaza nacho, akambeba nacho mgongoni shambani, akikifungua wakiwa wawili tu, mpaka ya chini yalipoota. Hata baada ya hapo hakuacha kumziba. Mtoto akicheka mbele ya watu, kiganja. Akitaka kusema, kiganja, asije mtu akachungulia na kukumbuka kuuliza.

"Nilichelewa sana kusema," Bibi akaniambia. "Nikazoea. Mpaka leo mnasema bibi yenu hana maneno. Mimi nilizibwa ili niishi. Wewe sitaki uzibwe. Jana nimemwona mama yako anakuziba, na babu yako anaongea, nikajua sina siku nyingine."

"Na wale ambao hawakufichwa?" nikamwuliza. "Ambao hawakufichwa?"

Bibi aling'oa ukoka wa kujaza kiganja, akauweka juu ya jiwe, akausawazisha vizuri. Kisha akanivua gauni lililolowa, akanifunga khanga yake moja, tukaondoka.

Siri ile niliitunza. Bibi alifariki miaka ya ruksa, wakati maduka ya Same yalipojaa sabuni za kila rangi na watu wakachagua mitumba kwa kuirusha huku na huku. Babu mdogo alisimama msibani akamsifu kwa ukimya wake. Nilikuwa mtu mzima tayari, na bado nilipomsikia akisema nilishika ukingo wa benchi.

Siku ile tulifika Gonja jua likiwa limepinda. Shangazi alitupokea getini akiwa bado na sare yake ya kazi, akanishika bega. Bibi alikataa kuingia. Alisema njia ni ndefu, akanipa kopo la makande, akageuka. Ndipo nilipoyaelewa vizuri yale maneno ya jana. Angerudi peke yake, kwa njia ileile, apite palepale, giza likianza kuingia. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi, kwa sababu asubuhi nilijiogopea mimi tu.

"Bibi, ufike salama!" nikamwita.

Aliinua mkono bila kugeuka, akaendelea kupanda. Alikuwa ameshafika mbali. La pili likaanza kunitoka, lile la chini, ambalo hata Shangazi aliyenishika bega hakulisikia. Bibi, ufike salama. Na la tatu, kwa sababu ya hofu.

Kule juu njiani Bibi alikuwa amesimama. Alinipa mgongo, kichwa ameinamisha, akangoja. Nilipofunga mdomo, akaanza kutembea.